Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya viwanja vya wazi Tanga: tuwekeeni muziki tutakaouendea na wake zetu

Mstahiki Meya, Mkurugenzi wa Jiji, Afisa Utamaduni, na ninyi nyote mnaoomba na mnaotoa vibali vya kupiga muziki katika viwanja vya wazi hapa Tanga,

Assalaam alaykum, na kwa wenzetu wasiokuwa Waislamu, salamu za heri. Mimi ni mkazi wa Ngamiani, mstaafu wa mashamba ya mkonge. Miaka 27 nilikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokamua majani mpaka zinabaki singa. Barua ya namna hii sijapata kuiandika. Naiandika kwa sababu ya usiku mmoja wa Agosti, na kwa sababu ya mke wangu.

Nianze na kaseti, maana bila kaseti hamtanielewa.

Tulioana mwaka 1986. Shemeji yangu mmoja alikuwa baharia, na zawadi yake kwetu ilikuwa kaseti mbili: moja ya Jim Reeves, moja ya Don Williams, waimbaji wa kantri wa Marekani. Tulikuwa tunakaa kambini shambani, chumba kimoja na kibaraza, na redio ya betri nne. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini maneno ya nyimbo zile yanatamkwa taratibu, kwa hiyo tuliokoteza mengi. Jioni nikirudi kazini ninanuka maji ya mkonge, ngozi inawasha, mama Zuhura keshachemsha maji ya kuoga na kaseti keshaiweka ndani, ananisubiri mimi tu ndipo abonyeze. Siku moja tepu ya Don Williams ilikatika. Akaiunga kwa rangi ya kucha, tone moja, akaipuliza mpaka ikakauka. Pale penye kiungo wimbo uliruka kidogo, kama mtu aliyejikwaa akajiwahi. Mpaka leo wimbo ule ukipigwa redioni, tukifika mahali pale tunatazamana.

Sasa, nyuma ya sauti ya mwimbaji kwenye kaseti zile kulikuwa na kitu kinalia. Kinavuta sauti juu, kinaiteremsha, hakikati. Mama Zuhura amelelewa nyumba ya taarabu. Mama yake alikuwa hakosi panapopigwa, tangu enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga. Yeye akisema ile ni fidla. Mimi nikisema ni gitaa. Ubishi huo tumekwenda nao karibu miaka 40, mpaka mjukuu wetu akatuonyesha picha kwenye simu: ni gitaa, lakini limelazwa juu ya miguu kama meza. Mpigaji ameketi, mkono wa kushoto ameshika kipande cha chuma anachokitelezesha juu ya nyuzi, na chini ana pedali za kuzivuta nyuzi hizo kwa mguu. Nilidhani nimeshinda. Mama Zuhura akairudisha simu, akasema, "Picha ya kiganjani hainitoshi, baba Zuhura. Nataka nimwone mtu analiliza mbele yangu."

Ndipo gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu. Muziki wa kantri na zilipendwa, uwanja wa wazi, upepo wa bahari, saa 12 jioni, bendi kutoka nje ya mkoa, na gitaa lile likatajwa kwa jina. Kiingilio shilingi 10,000 kwa kawaida na 30,000 kwa viti maalumu. Uwanja siutaji, waandaaji siwataji. Kusudi langu ni usiku wa mbele, ule umeshapita.

Najua mmoja wenu atauliza wazee wa Tanga wana nini na muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Nimjibu kwa heshima, kwa sababu swali hilo ndilo linalofanya burudani yetu ionekane jambo la mzaha. Kantri ni muziki wa watu wanaofanya kazi katika ardhi ya mtu mwingine, wanaohesabu treni, wanaokumbuka mama aliyebaki kijijini. Nitajieni mji wa nchi hii unaoyajua hayo kuliko Tanga. Mkonge wenyewe ulitoka Florida, huko huko Marekani: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62, na kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yote tuliyoyatumikia. Reli ikajengwa kutoka bandari yetu, ikafika Moshi mwaka 1911. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaja kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Rwanda, na kila mmoja akaja na nyimbo za kwao. Gitaa likapata kwao hapa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za hapa hapa Tanga hazikuwa bendi za kubabaisha. Na katika mkumbo ule ule wa dunia, banjo, ala ambayo watu huihesabu kuwa ya Wazungu wa kantri, asili yake ni Afrika: Waafrika waliochukuliwa utumwani ndio waliovuka nayo bahari ikiwa ni kibuyu kilichowambwa ngozi. Don Williams mwenyewe alikuja barani kwetu, akapiga Harare mwaka 1997. Kwa hiyo mama Zuhura akisema anataka kulisikia gitaa lile, hatafuti cha ugenini. Anatafuta kitu alichokaa nacho nyumbani mwake tangu uarusi.

Turudi kwenye siku yenyewe. Tangu asubuhi alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. Alifukiza dera lake udi. Alifunga kachori chache na vipande vya muhogo kwenye kontena, chupa ya chai ya tangawizi isiyo na sukari, na vigoda viwili vya kukunja. Hiyo haikuwa mbwembwe. Mama Zuhura ana sukari, anajichoma sindano, na mtu anayejichoma sindano lazima ale kwa saa yake. Kitu kingine nilikiona ila sikukisema: tangu alasiri aliacha kunywa maji. Nilipomuuliza akanijibu kwa sauti ya chini, "Najua vyoo vya viwanjani." Waungwana, lisomeni jibu hilo mara ya pili. Mwanamke wa miaka 60, mgonjwa wa sukari, anajinyima maji nusu siku ili aweze kwenda kusikiliza muziki na mumewe.

Tulifika saa 11 na nusu. Getini walinzi wakakataa kontena, wakakataa chupa ya chai, wakakataa vigoda. Nikaeleza habari ya sukari. Kijana mmoja alionekana kutuelewa, lakini akasema amri si yake. Basi mama Zuhura akala pale pale nje, amesimama, watu wanapita, halafu vitu vyetu tukamwachia mama muuza mihogo aliyekuwa pembeni ya geti. Mama yule hatukumjua wala hakutujua, na alitutunzia kila kitu.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki safu chache mbele, vya wale wa 30,000. Waliobaki ni nyasi. Saa 12 jukwaani hapakuwa na ala hata moja. Adhana ya Magharibi ikaadhiniwa; nikasali nyuma kabisa, juu ya kanga ya mama Zuhura, na wenzangu kama kumi hivi. Saa 1 hakuna kitu. Saa 2 wakawasha jenereta, moshi ukawa unatujia sisi wa nyasi. Saa 3 akapanda fundi mitambo: moja mbili, moja mbili. Tukapiga makofi kwa jinsi tulivyochoka kungoja. Kumbe baada ya moja mbili anakuja dijei, na dijei akapiga mambo ya vijana kwa saa moja na nusu kwa sauti inayotikisa kifua.

Mama Zuhura alikaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, mkono ameegemea goti langu. Wakati huo nikaanza kuangalia waliotuzunguka. Watu wa umri wetu walikuwepo wengi, mzee huyu na mzee yule, wengine nafahamiana nao tangu mkonge. Karibu wote wamekuja peke yao. Nikamuuliza mmoja, mkewe yuko wapi, na mke wake namjua kwa kupenda muziki kuliko yeye. Akasema, "Mahali hapa utamleta mtu?" Neno hilo nimelala nalo siku nyingi.

Karibu saa 4 mama Zuhura aliomba twende chooni. Vyoo vilikuwa viwili kwa uwanja mzima, kimoja kimefungwa kwa kufuli. Kwenye hicho kimoja foleni ya wanawake ilikuwa ndefu, giza, chini maji, ndani hakuna kopo. Wanaume walikuwa wanamalizia haja zao ukutani, hatua chache kutoka kwa wanawake waliopanga foleni. Nilisimama namulika kwa tochi ya simu, nimewapa mgongo wale wa ukutani, kanga nimeitanda mikononi kama pazia. Wanawake watano mbele yetu walitumia pazia hilo hilo. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililoniuma: walikuwa wamezoea.

Tuliporudi kwenye nyasi nikaona mikono yake inatetemeka na jasho jembamba limemtoka usoni. Sukari ilikuwa imeshuka. Nikakimbia kununua soda, akanywa nusu chupa, akatulia. Akasema tusubiri kidogo, labda sasa wataanza. Tukasubiri. Saa 5 kasorobo yeye mwenyewe akaniambia, "Twende nyumbani, baba Zuhura." Tukachukua vitu vyetu kwa mama wa mihogo, tukatafuta bajaji kwenye giza, dereva akataka mara mbili ya nauli ya mchana.

Tulikuwa tumeketi barazani kwetu, hata mlango hatujaufungua, lilipoanza kulia. Upepo wa kusi ulikuwa unalileta mpaka Ngamiani, dogo lakini safi. Lilipanda, likateremka, halikukata. Mama Zuhura akainua kidole nisiseme. Tulilisikiliza mpaka mwisho wa wimbo. Halafu akasema, "Sikumwona." Akaingia ndani.

Wakubwa zangu, nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kwenye karatasi za vibali mambo haya huandikwa mstari mmoja, "huduma za jamii zipo", na yanaishia hapo. Ninachokiomba kina mizizi miwili: saa, na choo. Mengine nitayagusa kwa kupita.

Kwanza saa. Tamasha likitangazwa saa 12, lianze saa 12. Watu husema ndivyo burudani ilivyo, lazima ichelewe, watu wajae kwanza. Hapana. Tanga hatukuzoea hivyo. Taarabu ya mama mkwe wangu ilikuwa na saa yake, na mwanamke alijua atatoka lini na atarudi lini, ndiyo maana mumewe hakuwa na wasiwasi na watoto hawakulala njaa. Na kantri yenyewe, huko ilikotoka, imekuzwa na saa. Grand Ole Opry ya Nashville ni kipindi cha redio, kipo hewani tangu mwaka 1925, na kipindi cha redio kikifika wakati wake kinaanza, mwimbaji awe tayari asiwe tayari. Kwa miaka mingi, 1943 hadi 1974, kilirushwa kutoka jengo la Ryman, lililojengwa kwa ajili ya mahubiri, na watu walisikiliza wakiwa wameketi kwenye mabenchi ya kanisa.

Mimi ningewashauri hivi. Jua letu huzama baada ya saa 12 na kabla ya saa 1 mwaka mzima, na kuanzia alasiri upepo wa bahari unakuwa umeshapunguza joto. Muziki wa watu wazima uanze saa 10 na nusu, baada ya sala ya Alasiri. Ikikaribia Magharibi usimame, watu wasali, wale, wanunue mihogo na mishikaki kwa kina mama wa getini, ambao nao wanahitaji riziki. Baada ya Isha urudi, na saa 4 usiku uwe umekwisha. Bajaji bado zipo, nauli bado ya kibinadamu, dawa ya usiku itamezwa kwa wakati. Vijana wakitaka kuendelea baada ya hapo, wana kibali chao na saa zao. Sina ugomvi na singeli wala Bongo Fleva, wajukuu zangu ndizo wanazozicheza.

Na saa hiyo iandikwe ndani ya kibali, ya kuanza kama ilivyo ya kumaliza. Mwandaaji aweke amana ya fedha kabla ya kupewa uwanja. Akianza kwa wakati anarudishiwa yote. Akichelewa, amana inabaki, inanunua taa na mabenchi ya uwanja ule ule. Mimi nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote: king'ora cha korona kilipolia, majani yalikuwa mkandani. Haiwezekani mkonge uheshimiwe kuliko watu.

Pili choo. Hapa nawaomba msione haya kulizungumza, kwa maana kuona haya ndiko kulikotufikisha hapa. Kibali kisitoke mpaka mtu wa afya wa jiji awe amekwenda uwanjani kwa miguu yake, mchana wa siku ile ile, na akaviona vyoo vimefunguliwa, vina maji, makopo, taa na komeo la ndani. Vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, na viwe vingi kuliko vya wanaume angalau mara mbili, kwa sababu mwanamke anahitaji muda zaidi na wengine wana watoto mkononi. Pawe na kimoja ambacho mtu mwenye magoti mabovu anaweza kuketi. Na mlangoni awepo mwanamke analipwa kukitunza usiku kucha. Pesa ya kumlipa ipo: uwanja ule ulikuwa na mamia ya watu, na kila mmoja alitoa si chini ya 10,000.

Nimefikiri sana kwa nini naweka choo juu ya vyote, hata juu ya ubora wa muziki. Nimeona ni kwa sababu mengine yote mtu anaweza kuyavumilia akiwa na mwenzake. Nyasi mtakalia kanga. Sauti mbaya mtaikosoa pamoja njia nzima ya kurudi, na hiyo nayo ni raha. Lakini mwanamke asiyekuwa na mahali pa kujistiri hatakwenda tena, na mumewe ataanza kwenda peke yake, halafu tunashangaa uwanja una wanaume watupu na ugomvi hauishi.

Yaliyobaki ni mepesi. Mgonjwa aruhusiwe kuingia na chakula chake na dawa yake, na walinzi waelekezwe hivyo kabla hawajasimama getini. Kigoda cha kukunja si silaha. Jenereta liwekwe upande ambao upepo unatoka kwa watu kwenda kwake. Spika zielekezwe baharini, maana sauti inayofuata upepo inakwenda mbali mno, na wengine wanaolala ng'ambo ya uwanja ni wagonjwa na watoto wachanga. Njia ya kutoka mpaka bajaji zinapopaki iwe na taa. Na bei ya kiti isiwe mara tatu ya bei ya kusimama. Mzee wa pensheni ndiye anayekihitaji kiti zaidi, na ndiye asiyeweza kukilipia.

Sikuandika haya kumfungia mtu riziki. Waandaaji wanaobeba gharama ya kuleta bendi Tanga nawashukuru, tena kwa dhati, maana wangeweza kuishia Dar es Salaam. Nawaambia tu kwamba pale uwanjani kulikuwa na viti vya wake zetu ambavyo havikuuzwa. Kila mzee niliyemwona peke yake alikuwa tiketi mbili.

Miezi ya kipupwe ijayo, Juni mpaka Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha, mtakuwa mnapanga tena ratiba ya viwanja. Naomba kabla ya kupanga mwite kikao kimoja cha wazi, na mwite wanawake wa rika la mke wangu waseme wenyewe, kwa maana mimi nimesema niliyoyaona nikiwa nje ya mlango wa choo tu. Kikao kiwe mchana. Mama Zuhura amekubali kuja, na ana orodha ndefu kuliko yangu.

Na bendi ile, kama kuna anayewasiliana nayo, iambiwe kwamba Ngamiani kuna watu wawili wanalisubiri gitaa lile. Tutalipa tena kiingilio. Tutafika saa 10.

Wenu katika ujenzi wa jiji,
Baba Zuhura, mstaafu wa mkonge
Ngamiani, Tanga